Daktari kijana na kituo chake: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nina kituo kidogo pembezoni mwa Mwanza, na huu ni mwaka wa kumi na mbili. Haipiti wiki bila daktari kijana kunipigia simu akitaka kufungua cha kwake, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Yanahusu Tanzania Bara, maana Zanzibar wana baraza na taratibu zao. Tena yanamhusu anayeanza na vyumba vitano au sita. Mwenye wabia wa kumjengea ghorofa atafute mshauri mwingine.

Nimemaliza intanishipu mwezi uliopita. Nifungue moja kwa moja?

Usifungue. Miaka mitano ya chuo na mmoja wa wodini imekufundisha kumtibu mtu ambaye tayari amelazwa: kitanda kipo, dawa imeagizwa na mwingine, mshahara wa nesi unalipwa na mtu usiyemjua. Kafanye kazi kwenye kituo cha mtu mwaka mmoja au miwili, na usijifungie chumba cha daktari. Omba kukaa mapokezi Jumatatu asubuhi. Omba kuwepo stoo siku ya kuhesabu dawa. Mwisho wa mwezi kaa na anayejaza madai ya bima. Mimi nilianzia hospitali ya misheni, na aliyenifundisha biashara hii ni sista mzee wa stoo. Alikuwa akiandika kwa kalamu nyekundu, nje ya kila boksi, tarehe ya dawa kuisha muda, kwa herufi kubwa ili hata mfagiaji aione. Hakuna profesa aliyewahi kunionyesha hilo.

Vibali vinaanzia wapi?

Vinaanzia kwako mwenyewe. Leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika iwe hai, na kwa kuwa haihuishwi bila pointi za mafunzo endelevu, usisubiri Desemba ndipo uanze kutafuta semina. Kisha jina la biashara au kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi TRA, mamlaka ya mapato, na leseni ya biashara halmashauri. Hizo ni nyepesi. Kazi yenyewe ni kusajili kituo. Anayesajili ni Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi iliyo chini ya Wizara ya Afya, ila njia inapita kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri na wa Mkoa, na watu wao ndio watakaokuja na futi kupima vyumba. Maabara ina bodi yake, Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Ukitaka famasi ya kuuzia watu wa nje, nenda Baraza la Famasi. Eksirei ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Bado zimamoto na OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi.

Kosa langu lilikuwa kukodi nyumba kwanza. Nililipa kodi ya mwaka, nikapaka rangi, nikaweka vigae, ndipo nikawaita wakaguzi. Korido ilikuwa nyembamba, machela haikati kona, na choo cha wagonjwa kilikuwa kimoja. Nilibomoa ukuta wa mtu kwa hela yangu, na miezi saba ya kodi ikaliwa kabla sijamwona mgonjwa wa kwanza. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba, mwombe mtu wa timu ya afya ya halmashauri aje aitazame nyumba. Akisema haifai, umepoteza asubuhi moja tu. Ada zote za serikali lipa kwa kontroo namba. Anayetaka umpe mkononi ili "akusogezee faili" atarudi mwakani kuchukua nyingine.

Kuna watakaokuuliza mbona sisi wa binafsi tunatazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Yakabaki mashirika ya dini na vituo vya serikali. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1991. Sisi ni wageni kwenye mji huu, ndiyo maana mzee wa miaka sabini bado anaiamini hospitali ya misheni kuliko kituo chako chenye kiyoyozi.

Mtaji uwe kiasi gani?

Anayekutajia kiasi kimoja hajui unafungua wapi, kwa hiyo sikutajii. Nakuambia hili tu: weka kando mishahara ya miezi sita kabla ya kununua chochote chenye taa inayowaka. Vituo nilivyoviona vikifa vilikuwa na wagonjwa. Vilikufa mwezi wa tano au wa sita, foleni ikiongezeka, kwa sababu hela yote ilikuwa imegeuka mashine, maboksi ya stoo na madai ambayo hayajalipwa. Rafiki yangu mmoja alikopa benki akanunua ultrasaundi. Mpigaji alikuwa anakuja Jumanne na Ijumaa. Marejesho yalikuwa hayaruki siku.

Anza na hadubini nzuri na mtu anayejua kuitumia, vipimo vya haraka vya malaria, vya sukari, vya wingi wa damu na vya mkojo. Nunua mashine ya presha yenye mkanda wa mtoto pia. Kipima oksijeni cha kidole, oksijeni yenyewe, na vifaa vya kumpumulisha mtoto mchanga usivirushe hata kama hujapanga kuzalisha. Watakuja tu, tena usiku. Friji iwe na umeme wa akiba.

Nitajuaje kuwa mahali ni pazuri?

Nenda hapo saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Mtazame mama mwenye mtoto mwenye homa anaelekea wapi. Mara nyingi haendi kituo chochote. Anakwenda duka la dawa muhimu pale kona. Mwenye duka lile ndiye daktari wa mtaa kabla yako, na atabaki hivyo baada yako. Kajitambulishe kwake kwa heshima na umwachie namba yako. Ukimdharau atasema maneno mawili tu, "pale ghali", na umekwisha.

Zahanati ya serikali ikiwa karibu isikutishe. Ikifunga alasiri, wewe endelea hadi saa nne usiku. Na zungumza mapema na halmashauri kuhusu kliniki ya mama na mtoto. Chanjo ni za serikali, zinatolewa bure, humtozi mama bei ya chanjo. Faida yake ni kwamba mama aliyeleta mtoto wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne amekaa kwenye benchi lako mara tatu bila kuumwa. Siku mtoto akichemka usiku, miguu yake inajua njia.

Nisajili kituo NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya?

Sajili, lakini usiitegemee peke yake. Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ulianza kazi 2001 ukiwa wa watumishi wa umma, kwa hiyo walimu na wafanyakazi wa halmashauri wa mtaa wako wana kadi na watakuuliza swali hilo mlangoni. Na kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wenye kadi watazidi kuongezeka.

Hesabu inayowaangusha madaktari wanaoanza ni hii: leo umeona watu 20 wa bima, unaandika mapato. Hujapata kitu, umekopesha. Dai linajazwa, linatumwa, linakaguliwa, linakatwa, ndipo linalipwa. Panga matumizi yako kana kwamba hela inakuja baada ya miezi mitatu. Ikiwahi, ni sikukuu. Na hayo makato mengi tunajitakia. Sahihi ya mgonjwa haipo. Ugonjwa ulioandikwa haufanani na dawa iliyotoka. Kipimo kimefanyika ambacho ngazi ya kituo chako hairuhusiwi. Kwangu fomu zote zinapitiwa jioni ya siku ile ile, kabla mtu hajavua koti, kwa sababu mgonjwa wa leo bado unamkumbuka na ukimpigia atarudi kusaini. Wa wiki tatu zilizopita yuko Geita kwenye dhahabu.

Bei hupangi wewe. Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kutokubaliana na kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unalipia. Ambaye wagonjwa wake tisa kati ya kumi walikuwa wa kadi alionja wiki ile maana ya kuwa na mteja mmoja. Mimi sipendi wavuke nusu. Ninapoona wanakaribia huko, naongeza nguvu kwa wanaolipa taslimu na kwa waajiri wadogo wa jirani.

Tena usidai kipimo ambacho hakikufanyika, hata kimoja, hata mhasibu akikuapia kwamba wote wanafanya. Mkataba utafutwa, na Baraza litakuita wewe, mhasibu haitwi.

Wagonjwa wanataka sindano, na kila aliyepima anataka kuambiwa "UTI na taifodi". Nikikataa si watahama?

Wengine watahama. Hapa ndipo kituo kinapopata jina lake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unajua mwenyewe jinsi inavyokwenda. Mtu anakuja na uchovu na kichwa kinamgonga. Maabara ya jirani inafanya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, mara moja, inaandika chanya. Inaona seli chache za usaha kwenye mkojo, inaandika UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Anaondoka na antibiotiki ya seftriaksoni ya sindano siku tano na mfuko wa vidonge. Amelipa vizuri, na ameridhika kwa sababu ugonjwa wake una jina. Widal moja inatafuta kingamwili. Bakteria wenyewe haiwaoni, na mtu mzima aliyekulia kwetu anaweza kubeba kingamwili hizo bila kuumwa taifodi hata kidogo. Wewe ukisema ukweli huo kwa sauti ya darasani, anaona umeshindwa kuuona ugonjwa.

Kwa hiyo usiseme "huna kitu". Neno hilo kwa Kiswahili cha mgonjwa lina maana ya "umeniongopea". Mimi namgeuzia karatasi ya majibu namwonyesha kwa kidole: malaria tumetafuta, hakuna, damu yako iko hapa, ni nzuri, sukari hii, presha ndiyo hii imepanda kidogo, na kichwa kinaweza kuwa kinatoka huku. Namuuliza analala saa ngapi, deni lipo, nyumbani kukoje. Dakika kumi. Kisha namwandikia tarehe ya kurudi, siku tatu mbele, na kurudi huko hakulipiwi kumwona daktari. Hilo la mwisho ndilo lililojenga kituo changu kuliko bango lolote. Akirudi amepona, anajua nilisema kweli. Akirudi hajapona, karudi kwangu badala ya kwenda kwa mwingine kunisema, na mara mojamoja ndipo tunakiona kitu halisi: kichocho, maana tuko ziwani, au kifua kikuu kilichokuwa kimejificha nyuma ya "malaria sugu".

Na kipimo cha malaria kikisema hakuna, usitoe dawa ya mseto "kwa usalama". Ukifanya hivyo, hata muuguzi wako ataacha kukiamini kipimo, na mgonjwa atajiuliza alilipia nini.

Miaka miwili ya kwanza jirani alinizidi mapato, na usiku nilikuwa nazihesabu bodaboda zinazosimama kwake. Nilikuwa na wivu, sitaficha.

Wenzangu wanatoa asilimia kwa anayewaletea mgonjwa. Na mimi?

Hapana. Maadili yanakataza, na hata kama yasingekataza, hiyo asilimia inalipwa na mgonjwa kwa kipimo asichohitaji.

Nijitangaze vipi basi?

Bango lenye jina, huduma na saa za kazi linatosha. Maadili yetu hayaruhusu kujinadi kama muuza vitenge, na picha ya mgonjwa usiiweke mtandaoni hata akikubali huku anacheka. Nenda shule ya msingi ya jirani upime macho. Kaongee kwenye kikao cha vikoba kuhusu presha. Nenda misibani.

Nimwajiri nani kwanza?

Wa mapokezi. Wengi huanza na daktari msaidizi na kumweka mpwa wao mapokezi, ndipo mgonjwa anapokelewa na kijana anayetazama simu. Mimi nilimchukua mama aliyekuwa akiuza kanga sokoni. Anamkumbuka kila mtu na watoto wake, anajua kudai hela bila kumvunjia mtu heshima, na akisema "dokta, yule wa mwisho simpendi anavyopumua", naacha niliyenaye naenda kumtazama yule.

Wauguzi na watu wa maabara wakague leseni za mabaraza yao kabla ya siku ya kwanza, na nakala iwe kwenye faili. Mkataba uwe wa maandishi. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yako na nusu yake, na usiitumie "kwa muda" kununua dawa. Nimeona watu wakifikishwa mahakamani kwa hilo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao usiusahau, maana nesi atachomwa sindano siku moja.

Ndugu na marafiki wanataka kutibiwa bure. Nafanyaje?

Swali hili huulizwa kwa aibu, lakini limefunga vituo vingi kuliko TRA. Ukifungua kituo, ukoo mzima umefungua kituo. Shemeji ataleta jirani yake. Mwenyekiti wa mtaa atamleta mama yake, mchungaji atampigia simu nesi moja kwa moja.

Sheria yangu niliitangaza kwenye kikao cha familia, mbele ya baba, kabla sijafungua: kuniona mimi ni bure kwa ndugu, dawa na vipimo ni kwa bei niliyonunulia. Baba alipoumwa mwaka uliofuata alilipa mwenyewe, makusudi, na akaomba risiti. Baada ya hapo hakuna mjomba aliyenisumbua. Wazazi wangu nawatibu, lakini nalipa kutoka mfukoni kwangu kwenda dirishani kama mtu mwingine, na inaandikwa.

Asiye na uwezo kabisa ni habari nyingine. Kila mwezi natenga kiasi cha misamaha na kina daftari lake. Kikiisha, muuguzi ananiambia. Mahututi hawaingii kwenye daftari hilo: unamtibu kwanza, na aliyejeruhiwa naye unamzuia damu kwanza, fomu ya polisi ya PF3 itafuata.

Bado nimeajiriwa serikalini. Naweza kuendesha kituo pembeni?

Soma mkataba wako na umwone mwajiri, upate ruhusa ya maandishi. Kitakachokuangusha ni kumwambia mgonjwa wa wodini "njoo jioni kwangu tutakuhudumia vizuri". Mji ni mdogo.

MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) inatuhusu na sisi wa binafsi?

Inawahusu. Rejista zijazwe na ripoti ya mwezi ipelekwe halmashauri kwa wakati. Faili za wagonjwa nazo zifungiwe kabatini, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuwaacha madaktari nje. Kompyuta ya mapokezi isitazamane na benchi.

Taka je?

Sindano kwenye sanduku la usalama, bila kurudishia kifuniko. Ndoo za rangi zao. Kama huna kichomea taka, ingia mkataba wa maandishi na hospitali iliyo nacho. Wakaguzi huanzia nyuma ya jengo.

Nikimpa mgonjwa rufaa si ninampoteza?

Unampoteza ukichelewa. Piga simu kabla hajaondoka. Andika barua inayosomeka, yenye ulichompa na saa uliyompa, na kama hali ni mbaya mtume na muuguzi. Kwetu wengi wanakwenda Sekou Toure, hospitali ya mkoa, wakizidi sana Bugando, hospitali ya kanda. Kesho yake mpigie ndugu umuulize amefikaje. Niliwahi kumtuma mama mwenye ujauzito wa miezi minane kwa presha. Alikaa hospitalini wiki mbili, hela yote ikaenda huko. Leo watu wa ile nyumba, na wako kumi na mmoja, wote wana faili kwangu.

Na mgonjwa akifia kwangu?

Itatokea. Waambie ndugu wewe mwenyewe, mkiwa mmekaa, usimtume nesi. Andika maelezo saa ile ile na usiyaguse tena. Faili lililorekebishwa baadaye ni baya kuliko faili lenye kosa. Kifo cha mjamzito au mama aliyejifungua kinaripotiwa halmashauri ndani ya saa 24. Kaa na wafanyakazi wako siku hiyo hiyo mpitie kilichotokea hatua kwa hatua, bila kumtafuta wa kumbebesha. Mimi huwa nakwenda msibani. Mara moja nilifukuzwa, nikaondoka kimya. Arobaini ilipofika wakanitumia mtu kuniita.

Wagonjwa wana namba yangu na wanapiga usiku kucha.

Nunua laini ya pili iwe ya kituo, na hiyo ndiyo iandikwe kwenye bango na kwenye kadi. Usitibu mtu kwa picha ya WhatsApp. Mtoto wa degedege jibu lake ni moja, mleteni. Kwangu laini hiyo inalala na nesi wa zamu, na akiona jambo ni langu ananiamsha. Wiki iliyopita aliniamsha mara mbili. Mara ya kwanza tulimpeleka mtu Bugando. Mara ya pili kuna baba alitaka kujua kama tunauza maziwa ya kopo.